Pini ni za bodi, si za draiva: jibu kwa msomaji wa Morogoro

SWALI

Shikamoo mtaalamu. Niko Morogoro, ambako mimi na mwenzangu tunatengeneza kidhibiti cha pampu za umwagiliaji kwa kutumia BeagleBone Black, kompyuta ndogo ya bodi moja. Nimeandika draiva ya Linux (programu ya kuendesha kifaa) inayoongea na mita za maji kwa RS-485, laini ya waya mbili inayotumiwa na vifaa vingi, kupitia UART4, mlango wa mawasiliano wa chipu, na inayowasha pampu kupitia relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme. Draiva inapoanza kazi, nafungua anwani ya rejista za pini na kuandika thamani moja kwa moja. Imefanya kazi vizuri miezi mitatu. Sasa tumechora bodi yetu wenyewe, waya za UART zimehamia kwingine, na draiva imekwama. Kuna mengine mawili. Umeme ukirudi baada ya kukatika, relei inabofya na pampu inashtuka kabla Linux haijaamka. Na tukiilaza bodi usiku, vifaa vingine kwenye laini ileile ya RS-485 havisikiki. Mwenzangu anasema pini zipangwe na U-Boot, programu inayoamsha bodi kabla ya Linux, draiva isiguse kabisa. Mimi naona draiva ndiyo inayojua inachohitaji. Nani yuko sahihi?

JIBU

Marahaba, ndugu yangu. Wewe na mwenzako kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Draiva inajua inachohitaji, hapo uko sahihi: laini ya kutuma, laini ya kupokea, waya mmoja wa kuwashia relei. Lakini haijui, wala haipaswi kujua, waya hizo zinatokea kwenye mguu, yaani pini, upi wa chipu. Anayejua hilo ni aliyechora bodi. Basi liandikwe pale bodi inapoelezwa, yaani kwenye mti wa vifaa (device tree), na kazi ya kulitekeleza iachiwe keneli, moyo wa Linux, kupitia mfumo wake wa pini unaoitwa pinctrl. Draiva ikiandikwa hivyo haina hata mstari mmoja unaotaja namba ya pini, na bodi ya pili au ya tano haitaisumbua.

Nitaeleza kwa nini, kisha tuingie kwenye relei yako, kwa sababu hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Pampu inayojiwasha inaweza kumuumiza mtu aliyeinama kuisafisha.

Chipu ya AM335x iliyo kwenye BeagleBone Black ina kazi nyingi kuliko miguu. Kwa hiyo karibu kila mguu umewekewa kiteuzi chenye nafasi nane, 0 hadi 7, na nafasi ya 7 ndiyo GPIO, yaani pini ya kawaida unayoiwasha na kuizima mwenyewe. Mguu unaotokea kwenye tundu namba 11 la safu ya P9 kiasili ni wa kumbukumbu ya nje. Ukiuweka nafasi ya 6 unakuwa mpokeaji wa UART4. Jirani yake wa tundu namba 13, nao ukiwa nafasi ya 6, ni mtumaji. Kila mguu una rejista yake, yaani kisanduku kidogo cha namba ndani ya chipu kinachoupanga. Biti tatu za chini huchagua nafasi, ya nne huzima kivutaji cha ndani, yaani rezista inayovuta mguu juu au chini, ya tano huamua kivutaji kivute juu au chini, ya sita hufungua njia ya kuingiza ishara, na ya saba hupunguza kasi ya kupanda na kushuka kwa ishara.

Nadhani draiva yako inaandika 0x36 kwenye anwani 0x44E10870. Tuifungue namba hiyo: nafasi ya 6, kivutaji kimewashwa, kinavuta juu, njia ya kuingiza iko wazi. Hakuna hata kimoja hapo kinachohusu mita ya maji. Anwani ni ya chipu. Nafasi ya 6 inatokana na uamuzi wa mchora bodi kuipitisha UART4 kwenye tundu lile. Kivutaji kinategemea kama bodi ina rezista yake ya nje au haina. Draiva imebeba siri za watu watatu, na mmoja wao akibadili mawazo, inaanguka. Ndilo lililowapata.

Ukiihamishia draiva hiyo kwenye Raspberry Pi ya chipu ya BCM2835, mambo yanakuwa mabaya zaidi. Huko hakuna nafasi 0 hadi 7 za namna hii. Kuna kuingiza, kutoa, na kazi mbadala sita zinazoitwa ALT0 hadi ALT5. UART kuu inapatikana kwenye GPIO14 na GPIO15 kwa ALT0. Vivutaji vinapangwa kwa utaratibu mwingine kabisa, na nguvu ya kusukuma mkondo inachaguliwa kwa kundi zima la pini. Draiva yako ingekuwa inaandika kwenye anwani isiyo na maana, au yenye maana nyingine.

Kuna hatari ya pili ambayo bado haijakuuma. Ukiandika rejista moja kwa moja, hakuna anayejua kwamba umeichukua pini hiyo. Draiva nyingine inaweza kuandika juu yake sekunde moja baadaye na hakuna atakayelalamika. Wa mwisho ndiye mshindi. Sisi tunaujua vizuri mgogoro wa kiwanja kimoja kilichouzwa kwa watu wawili, kila mmoja na karatasi yake mkononi. Pinctrl inashika daftari. Draiva mbili zikiomba pini moja kwa kazi mbili, ya pili inakataliwa, na ujumbe wa kosa unataja pini na jina la kifaa kinachoishikilia. Kwenye BeagleBone Black hili si jambo la kufikirika: pini za P8 kuanzia 27 hadi 46 zinatumiwa na HDMI, na baadhi ya zile za mwanzo wa safu hiyo zinakwenda kwenye eMMC ambamo mfumo wenyewe umehifadhiwa. Mtu anayeandika rejista bila kuuliza anaweza kujikata kutoka kwenye diski yake mwenyewe mfumo ukiwa unaendelea kufanya kazi.

Keneli yenyewe imepita njia unayopita. Kwa miaka mingi, kila bodi ya ARM ilikuwa na faili lake la C ndani ya keneli, na pini zilipangwa humo, kila kampuni kwa mtindo wake. Mwaka 2011 Linus Torvalds alilalamika kwa ukali juu ya wingi na mrundikano wa msimbo wa ARM, na hapo juhudi za kuhamia mti wa vifaa zikapata nguvu. Linus mwingine, Linus Walleij wa Sweden, aliandika pinctrl, nayo ikaingia kwenye keneli 3.2 iliyotoka Januari 2012. Mwanzoni draiva ilibidi iombe pini zake kwa mistari kadhaa ya msimbo, na mistari hiyohiyo ikawa inarudiwa kwenye draiva moja baada ya nyingine. Tangu keneli 3.9 ya mwaka 2013, kiini cha keneli kinafanya kazi hiyo chenyewe: kabla ya kuita kitendo cha kuanzisha draiva, kinaangalia kama kifaa kina hali iitwayo "default" kwenye mti wa vifaa, na kama ipo, kinaiweka. Draiva ikifunguka macho inakuta pini ziko tayari. Kama draiva ya pini yenyewe haijaamka, kiini kinaiahirisha draiva yako na kuijaribu tena baadaye.

Kwa hiyo kwa bodi yenu ya kwanza, hiki ndicho kinachotakiwa, na hakiandikwi kwenye draiva:

&am33xx_pinmux {
    uart4_kazi: uart4-kazi-pini {
        pinctrl-single,pins = <
            AM33XX_PADCONF(AM335X_PIN_GPMC_WAIT0, PIN_INPUT_PULLUP, MUX_MODE6)
            AM33XX_PADCONF(AM335X_PIN_GPMC_WPN, PIN_OUTPUT, MUX_MODE6)
        >;
    };
};

&uart4 {
    pinctrl-names = "default";
    pinctrl-0 = <&uart4_kazi>;
    status = "okay";
};

Kwa bodi ya pili unaandika faili lingine lenye pini nyingine. Draiva inabaki vilevile, herufi kwa herufi.

Tazama pia nimeziweka pini hizo kwa nani. Nimeziweka kwenye UART4, sikuziweka kwenye kifaa chako cha mita. Wengi wanakosea hapa. Pini za kutuma na kupokea ni mali ya kidhibiti cha UART kilicho ndani ya chipu. Mita iko mwisho wa waya na haina pini yoyote kwenye AM335x. Ukiandika draiva ya mita kwa utaratibu wa serdev, ule wa keneli kwa vifaa vilivyo mwisho wa UART, kifaa chako kinakuwa mtoto wa UART kwenye mti, na kinarithi laini iliyokwisha kupangwa. Hivyo hivyo kwa I2C na SPI, njia nyingine za kuunganisha vihisi na chipu: pini ni za kidhibiti cha basi (bus), yaani njia ya pamoja ya mawasiliano, na kihisi kilichoning'inia kwenye basi kinadai zile tu zinazokwenda kwake peke yake, kama waya wa kukatiza (interrupt) au wa kuwasha upya.

Relei ni tofauti, kwa kuwa waya wake unatoka moja kwa moja kwenye GPIO, na mwenye kuutumia ni draiva yako. Kwenye nodi yako, yaani kipande cha mti wa vifaa kinachoeleza kifaa chako, andika "relei-gpios", na ndani ya draiva omba kwa devm_gpiod_get ukitumia GPIOD_OUT_LOW. Neno "LOW" hapo halimaanishi volti sifuri. Lina maana "haifanyi kazi". Kama bodi ya pili ina relei inayowaka pini ikishuka chini, unaandika GPIO_ACTIVE_LOW kwenye mti wa vifaa na keneli inageuza yenyewe. Nimeona draiva zenye swichi ndefu za "kama ni bodi A weka 1, kama ni bodi B weka 0", na kila moja ya swichi hizo ni ajali inayosubiri bodi C. Usitegemee pia kwamba kuomba GPIO kutaiweka pini kwenye nafasi ya 7. Iandike hali ya pini waziwazi, nafasi ya 7 na kivutaji cha chini, kwenye nodi hiyohiyo ya kifaa chako.

Sasa kubofya kwa relei umeme unaporudi. Hapa nakuomba utulie, kwa kuwa draiva haiwezi kukusaidia hata ungeiandika kwa ustadi wa namna gani. Kuanzia umeme unapoingia hadi draiva yako inapoanza zinapita sekunde kadhaa. Muda wote huo pini iko katika hali ambayo chipu imezaliwa nayo, na hali hiyo imeandikwa kwenye jedwali la pini la datashiti, yaani hati ya mtengenezaji wa chipu: kwa kila mguu kuna safu inayosema ukoje wakati wa kuwashwa upya na mara baada yake, umevutwa juu, umevutwa chini, au umeachwa unaelea. Nadhani mguu mlioutumia umevutwa juu.

Utasema, lakini tumeweka rezista ya nje ya kilo-omu 10 ya kuvuta chini. Tupige hesabu. Kivutaji cha ndani cha AM335x kwa volti 3.3 hupitisha mkondo wa kawaida wa mikroampea 100 hivi. Mikroampea 100 zikipita kwenye kilo-omu 10 zinatoa volti 1. Transista ya kawaida inayoendesha relei inaanza kufunguka kwenye volti 0.6 au 0.7. Kwa maneno mengine, rezista mliyoiweka kwa ajili ya usalama inashindwa nguvu na kivutaji kilicho ndani ya chipu, na transista inapata mkondo mdogo lakini halisi. Relei nyepesi inaweza kubofya kwa huo. Ukiweka kilo-omu 2.2, mkondo uleule unatoa volti 0.22, na transista inabaki imelala. Vizuri zaidi ni kuchagua, kwenye bodi mnayoichora sasa, mguu ambao datashiti inasema unaamka ukiwa umevutwa chini, na bado muweke rezista ya nje. Datashiti inatoa pia kiwango cha juu cha mkondo wa kivutaji, ambacho ni kikubwa kuliko hicho cha kawaida. Pigeni hesabu kwa kiwango cha juu.

Mkiwa bado kwenye mchoro, epukeni jambo moja. Pini za P8 kuanzia 31 hadi 46 ni zile zile ambazo chipu inazisoma wakati wa kuamka ili kujua iwake kutoka wapi. Mkiunganisha hapo kitu kinachosukuma volti wakati wa kuwashwa, bodi inaweza kugoma kuamka kabisa, au kuamka leo na kugoma kesho. Hakuna draiva wala U-Boot itakayorekebisha hilo, maana zote mbili huwa hazijaanza.

Baada ya hapo inakuja zamu ya U-Boot, na hapa mwenzako ana hoja. U-Boot inafika mapema kuliko keneli, na kama kuna pini ambayo ni lazima itulizwe mapema iwezekanavyo, relei ikiwa mfano mzuri, iwekwe salama pale. Lakini kuiachia U-Boot pini zote ni kuweka mkataba ambao haujaandikwa popote. Siku mtakayosasisha U-Boot, au mtakapotaka kuamka kwa njia nyingine, keneli itaanza ikiwa na imani isiyo na msingi. U-Boot ipange zile inazozihitaji yenyewe, kama za kadi ya SD na za konsoli, pamoja na zile za usalama. Keneli ijipangie zake upya, hata kama thamani ni zilezile.

Najua atakayepinga atataja kompyuta za mezani, na ni pingamizi la haki. Kwenye mashine za x86, firimwea, programu ya kuamshia iliyomo ndani ya bodi, ndiyo inayopanga pini tangu zamani, na draiva nyingi hazigusi chochote. ACPI, kanuni ambazo firimwea hiyo hutumia kuueleza mfumo kuhusu vifaa, iliongeza maelezo rasmi ya kazi na mpangilio wa pini kwenye toleo la 6.2 la mwaka 2017. Utaratibu huo unafaa pale mtengenezaji mmoja anapomiliki bodi na firimwea yake na kuvitoa pamoja. Ninyi wawili mnabadilisha bodi kila baada ya miezi michache. Kwenu ninyi, faili moja la maandishi linalosomeka, lililo pamoja na msimbo wenu, lina thamani kubwa kuliko pini zilizojificha ndani ya U-Boot ambayo mmoja wenu aliijenga mwaka jana.

Kuna hali nyingine ya pini inayoitwa "init", iliyoongezwa kwenye keneli 4.4. Ikiwepo, kiini kinaiweka hiyo kabla ya kuanzisha draiva, na "default" inawekwa draiva ikishamaliza kuanza. Kwa relei yenu haihitajiki, kwa sababu GPIO za AM335x huamka zikiwa za kuingiza, na kivutaji cha chini kinashikilia pini mpaka draiva iseme vinginevyo. Inahitajika pale pini inapokabidhiwa kwa kifaa cha ndani ambacho bado hakijapangwa. Mkija kuendesha pampu kwa PWM, yaani mapigo ya kuwasha na kuzima kwa haraka, ili kubadili kasi yake, pini isikabidhiwe kwa PWM kabla PWM yenyewe haijaambiwa itoe nini, la sivyo mota itapata mshtuko mfupi kila mara mnapowasha.

Tatizo lenu la usiku linatokana na mahali pamoja na lile la relei, yaani pini iliyoachwa bila mwenyewe. Kwenye RS-485 ya waya mbili, kifaa kimoja tu ndicho kinachoruhusiwa kusukuma laini kwa wakati mmoja, na chipu ya RS-485 husukuma pale pini yake ya DE, ile ya kuruhusu kutuma, inapokuwa juu. Bodi ikilala na DE ikabaki juu, au ikaelea na kupanda, bodi yenu inakuwa imeshika laini huku imesinzia, na mita zote zinaongea bure. Katika usingizi mzito wa AM335x sehemu kubwa ya chipu hupunguziwa au hukatiwa umeme. Kati ya makundi manne ya GPIO, GPIO0 hadi GPIO3, ni GPIO0 pekee lililo kwenye eneo linalobaki macho. Kwa hiyo usitegemee kwamba pini ya GPIO1 itaendelea kushikilia thamani uliyoipa mchana.

Dawa ni hali ya "sleep". Andika kundi la pili la pini, lenye DE kwenye kivutaji cha chini, liite pinctrl-1, na ongeza "sleep" kwenye pinctrl-names. Angalia vizuri hapa: hali ya "default" kiini kinaiweka chenyewe, lakini "sleep" haiwekwi mpaka draiva iombe. Ndani ya kitendo cha kulala draiva huita pinctrl_pm_select_sleep_state, na ikiamka huita pinctrl_pm_select_default_state. Kwa kifaa chako mwenyewe, ongeza miito hiyo miwili. Kwa UART, fungua msimbo wa draiva ya UART kwenye keneli mnayotumia uone kama inaita. Kama haiiti, waya wa DE usiachwe utegemee programu. Na hata ikiita, wekeni rezista ya kuvuta chini kwenye DE. Inagharimu shilingi chache, na inafanya kazi hata keneli ikianguka.

Usiku una gharama nyingine ambayo huenda hamjaiona. Kama kuna chipu mnayoikatia umeme wakati bodi imelala, na waya zake zina rezista za kuvuta juu kwenda volti 3.3, mkondo unaingia kwenye chipu iliyozimwa kupitia diodi zake za kinga. Rezista moja ya kilo-omu 10 inapitisha hadi miliampea 0.33. Waya kumi zinafika miliampea 3.3, na kwa saa 24 hiyo ni karibu miliampea-saa 79 zinazotoka kwenye betri bila kazi yoyote. Kwa kituo cha shambani kinachotegemea sola, hicho ni kiasi kinachoweza kukifanya kizime mapema siku za mawingu. Vivutaji vya ndani vizimwe kwenye hali ya "sleep" kwa waya zote zinazokwenda kwenye chipu iliyozimwa.

Je, draiva haipaswi kugusa pini kabisa? Ipo kazi ambayo ni ya draiva kwelikweli: ile ambayo wakati wake anaujua yeye peke yake. Mfano ninaoupenda ni I2C iliyokwama. Kihisi kikikatishwa katikati ya baiti kinaweza kushikilia waya wa data chini bila kuachia. Kanuni za I2C zinasema mpigie mapigo tisa kwenye waya wa saa, naye ataachia. Kidhibiti cha I2C mara nyingi hakiwezi kutoa mapigo matupu, kwa hiyo draiva inabadili pini ziwe GPIO, inapiga mapigo kwa mkono, kisha inazirudisha. Mti wa vifaa unazieleza hali mbili, "default" na "gpio". Draiva inajua ni lini kuhama. Kadi ya SD kwenye chipu za i.MX ni vivyo hivyo: kuna hali ya kawaida, ya megahezi 100 na ya megahezi 200, kila moja na nguvu yake ya kusukuma ishara, na draiva inachagua kulingana na kasi iliyokubaliana na kadi. Bado hata hapo draiva haijui namba ya pini. Inajua jina la hali tu.

Nikupe kisa kimoja kilichonifunza kutokukisia. Niliwahi kukaa siku mbili na SPI ya AM335x iliyokuwa inatuma vizuri lakini inasoma sifuri tupu. Nilibadili kihisi, nikabadili waya, nikapunguza kasi. Pini ya saa nilikuwa nimeipanga kuwa ya kutoa tu, kwa kuwa saa inatoka kwenye chipu kwenda nje. Nani angewaza vinginevyo? Kumbe kwenye AM335x kidhibiti cha SPI kinaisoma tena saa yake mwenyewe kutoka kwenye pini ili kupima wakati wa kupokea data, kwa hiyo njia ya kuingiza lazima iwe wazi hata kwa saa inayotoka. Imeandikwa kwenye mwongozo wa chipu. Biti moja. Taarifa ya namna hiyo ikiandikwa mara moja kwenye mti wa vifaa, na maelezo mafupi pembeni yake, haimtesi mtu wa pili.

Kwa kupima, usikisie na usitegemee programu za kuandika kumbukumbu kutoka nje ya keneli. Kwenye AM335x rejista hizi zinakubali kuandikwa na msimbo wenye mamlaka ya keneli tu, na jaribio lako litapotea kimya. Fungua /sys/kernel/debug/pinctrl, ingia kwenye folda ya kidhibiti cha pini, na usome faili mbili. "pinmux-pins" inakuonyesha kila pini imeshikwa na kifaa gani na kwa kundi gani. "pins" inakuonyesha thamani halisi iliyomo kwenye rejista sasa hivi. Kwa mpokeaji wa UART4 nategemea uone 36 mwishoni, na kwa mtumaji 0e. Kisha soma /sys/kernel/debug/gpio uone relei yako iko upande gani na imeshikwa na nani.

Anza kwa kufuta mistari yote inayofungua 0x44E10800 na kuendelea kwenye draiva yako. Andika mafaili mawili ya .dts, yale ya mti wa vifaa, moja kwa kila bodi, na hakikisha draiva ileile inafanya kazi kwenye zote mbili bila kujengwa upya. Halafu, kabla hamjaunganisha pampu kwenye bodi mpya, toa kadi ya SD na uhakikishe hakuna kitu cha kuwaka kwenye eMMC, washa umeme, na upime kwa multimita volti kwenye besi ya transista ya relei. Hapo hakuna U-Boot wala Linux, kuna chipu na rezista zenu peke yake. Ikizidi volti 0.4, rudini kwenye mchoro kwanza.